Chumvi Kwenye Mwasumini

Mwanahalima alichukua udongo kidogo chini ya mwasumini, akauweka kwenye ulimi, akautema. Akachukua mwingine karibu zaidi na shina, akauonja tena, kama mpishi anayeonja mchuzi asiotaka kuamini kwamba umeharibika. Udongo ulikuwa na chumvi.

Miguuni pake matumba ya maua yalikuwa yametapakaa, mabichi bado, yameanguka kabla ya kupata weupe. Jana jioni aliokota machache akajiambia ni upepo. Leo asubuhi hapakuwa na la kujiambia. Majani yalikuwa yameungua kingo, na alipougusa mti kwa ncha ya kidole matumba mengine yakadondoka. Aliurudisha mkono haraka, akauficha ndani ya kanga.

Katika siku zote, leo. Ilikuwa siku ya mwisho ya fungate ya Sihaba, na jioni hii kitanda cha bibi arusi kilitakiwa kufunikwa asumini kama kilivyofunikwa kila jioni tangu alipoozwa. Kikikosa, Biubwa angechukuliwa Lindi.

Biubwa alikuwa mwanawe, na alikuwa naye huyo tu. Mwanahalima mwenyewe alikuwa mwanamke huru. Bwana wake wa zamani, alipokuwa akikata roho, alimwacha huru mbele ya mashahidi kwa ajili ya Mungu. Lakini Biubwa alikuwa amekwishazaliwa, na hakutajwa. Huenda mzee alimsahau, huenda hakumsahau. Wa kuulizwa alikwishazikwa. Basi mama akahamia kwenye kibanda chake mwisho wa mji wa Chole, na mtoto akabaki katika nyumba ya mawe, mtumwa wa Ghalib, mwana wa marehemu, mwenye minazi nusu ya kisiwa na majivuno ya kisiwa kizima. Wadachi walikuwa na boma lao palepale Chole, na wengine walikwenda huko kutafuta barua ya uhuru. Bomani walitaka kwanza bwana alipwe fidia, na Mwanahalima hakuwa na kitu ila mwasumini.

Sihaba, binti wa Ghalib, alipoposwa na Muhsin wa Lindi, kila mtu alijua kwamba hatakwenda peke yake. Bibi arusi wa nyumba kama ile huenda na mpambe wake, msichana wa nyumbani wa kumsuka, kumtia wanja na kukaa miguuni pake ugenini. Mpambe aliyetajwa ni Biubwa. Mwanahalima aliposikia, alijifunga kanga akaenda moja kwa moja kwa mke wa Ghalib.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba," alisema Bi Thuwaiba. Alikuwa anasukwa na hakugeuza kichwa. "Umekuja kwa habari ya Biubwa."

"Nimekuja kumwomba, Bibi. Sina mwingine."

"Na mimi ninao wangapi? Sihaba aende kwa watu asiowajua, hana hata wa kumfunga kilemba?"

"Wasichana wamejaa nyumba hii, Bibi."

Bi Thuwaiba alimngoja msusi amalize njia moja. Hakuwa mtu mbaya kuliko wengine. Alikuwa mtu aliyezoea kwamba anachotoa lazima kirudi na kitu.

"Hapana mwasumini unaochanua kama wako Chole nzima," alisema mwisho. "Nifunikie kitanda cha mwanangu fungate yote, kila jioni, nisione shuka. Ukiweza, Biubwa atabaki. Ukikosa hata jioni moja, usije kunililia."

Mwanahalima alitoka akicheka peke yake njiani. Angeambiwa alete lulu, angekaa chini akalia. Lakini maua? Maua aliyaweza. Mti ule aliuotesha kwa kijiti alichokivunja kwenye magofu ya mji wa Kua alipokuwa msichana, akaulea kama mtoto: akaupogoa kila baada ya mvua ya mwaka, akaukinga na pepo za bahari kwa makuti, akaupa samadi ya mbuzi na majivu ya jikoni. Na zaidi ya yote aliujua kwa maji.

Visima vya Chole hufuata bahari. Maji yakitoka pwani, kisima nacho hushuka, na yanayobaki ni matamu. Maji yakijaa, hasa wakati wa bamvua, yanapojaa kupita kawaida, bahari hupanda kwa chini na kisima huchachuka. Mtu anaweza kuyafulia na kuogea, wala asione kitu. Mwasumini huona. Kwa hiyo Mwanahalima hakuchota maji ya mti ila bahari imetoka, na hata hivyo huonja kwanza. Watoto wa Chole walijifunza saa za kuchota kabla ya kujifunza alifu.

Ndiyo maana aliposimama pale na ladha ya chumvi mdomoni hakuwaza hata kidogo kwamba ni bahati mbaya. Bamvua lililopita, siku chache kabla ya nikahi, yeye alikuwa amelala na homa, hajui usiku wala mchana. Mtu aliingia uani mwake akaumwagia mti maji ya kisima kilichojaa. Na ni nani aliyetaka asumini ishindwe, kama si yule aliyeweka sharti na sasa hataki kulitimiza?

"Bi Thuwaiba," alisema kwa sauti, uani hapana mtu. Hasira ilimpanda.

Lakini hasira ingesubiri. Kwanza maua.

Shaibu, mchukuzi wa maji wa nyumba ya Ghalib, alikuwa pwani akiziba nyufa za mtumbwi wake. Alikuwa mzee mwembamba, mpole, mwenye tabia ya kukubali jambo kwanza kisha kulalamika njia nzima.

"Nipeleke Kua," Mwanahalima alimwambia.

"Kua? Leo?" Shaibu alitazama bahari. "Maji yanajaa, kufika tutafika. Lakini ni maji mafu haya, hayana nguvu. Yakianza kutoka tukiwa bado huko, tutakaa kwenye tope mpaka kesho."

"Basi tusizungumze. Tuvute makafi."

Walipita kando ya mikoko ya kisiwa cha Juani, yeye mbele, mzee nyuma. Mwanahalima alivuta kafi mpaka kanga ikamlowa jasho mgongoni. Shaibu alilalamika habari ya mabega yake, habari ya jua, habari ya watu wanaokwenda kuokota vitu kwenye mji wa waliokufa.

Kua hapakuwa na mtu. Kuta zilisimama bila mapaa, na ndani ya vyumba vilivyokuwa vya watu iliota miti minene kuliko nguzo za msikiti. Mwanahalima alipiga bismillahi akapita kwenye mlango uliobaki nusu. Nyuma ya nyumba ile palikuwa na birika la kale lililopokea maji ya mvua, na juu ya ukuta wake mwasumini mkongwe, hajui mtu aliuotesha nani, umepanda na kushuka upande wa pili. Ulikuwa mzima. Haukuwahi kunywa maji ya kisima.

Saa yenyewe haikuwa ya kuchuma. Asumini huchumwa alasiri, tumba likiwa limevimba na kuwa jeupe kabisa, ili lifunguke likiwa kitandani baada ya magharibi. Sasa hivi hata adhuhuri ilikuwa haijafika, na tumba la kufunguka leo na la kufunguka kesho yalifanana sana. Alikosa mara mbili tatu, akavunja la kijani, akalitupa. Kisha akaacha kutumia macho, akawa anabana kila tumba kwa vidole viwili. La leo hulainika kidogo karibu na kikonyo. La kesho ni gumu. Akaendelea hivyo, akipanda ukutani, akishuka, miiba ya mti mwingine ikimchana mikono, huku akisikia sauti ya Shaibu kutoka pwani.

"Mwanahalima, maji yamesimama!"

Kapu lilikuwa nusu.

"Mwanahalima, yanatoka!"

Lilipojaa, kabla ya kushuka, alivunja pia kijiti kimoja chenye mafundo matatu, kwa mazoea tu, akakichomeka pembeni ya kapu. Mti wake huenda ungekufa. Akafunika kila kitu kwa jani la mgomba bichi, akakimbia.

Mtumbwi ulikuwa tayari umegusa tope. Walishuka wote wawili wakausukuma, tope likiwashika magotini, Mwanahalima akiwa na kapu kichwani na mkono mmoja tu wa kusukumia. Ulikwama, ukateleza, ukakwama tena. Alimwomba Mungu kwa maneno ambayo hangeyasema mbele ya mwalimu wa chuo cha Kurani. Kisha mtumbwi ukaelea ghafla, Shaibu akaanguka kifudifudi majini, akaingia akitema tope.

Walikuwa wamefika mkondo mpana ndipo Mwanahalima akasema.

"Nitamwambia mbele ya wageni wake. Nitaweka maua kitandani, nisubiri wajae, kisha nimwambie mwana wa watu yule alivyonitilia chumvi kwenye mti wangu ili animezee mwanangu."

"Nani?"

"Bibi yako."

Shaibu aliacha kuvuta. Mtumbwi ukaenda wenyewe kidogo.

"Usiseme hivyo," alisema. "Atakupiga marufuku kukanyaga nyumba ile. Biubwa ndiye atakayelipia."

"Nani mwingine alitaka mti wangu ukauke?"

"Mwanahalima, usiseme."

"Basi niambie wewe. Maji ya nyumba ile unachota wewe. Nilipolala na homa uliona nani kisimani?"

Mzee alitazama kafi lake. Ilikuwa wazi kwamba angependa kulalamika habari ya mabega tena.

"Ilikuwa alasiri, bamvua limejaa, kisima kimekaribia ukingo," alisema. "Nilimwona anachota. Nikamwambia, mwanangu, maji haya mabaya, mama yako atakuua. Akaniambia, najua, Babu Shaibu. Akajitwika mtungi akaingia kwenu."

"Nani?"

"Biubwa."

Mwanahalima aligeukia mbele. Alichukua kafi akalitia majini, akavuta, akavuta tena. Chole ilikuwa mbele yao, na nyumba ya mawe ilionekana nyeupe juani. Iliuma, na iliuma mahali asipopajua, kwa sababu alikuwa amejiandaa kwa adui na sasa adui hakuwapo.

Biubwa alikuwa nyuma ya nyumba, amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi. Kichwa chake kilikuwa kimesukwa vizuri kwa safari. Alipoona kapu na jani la mgomba mikono yake ilisimama.

"Umeyapata wapi?"

"Kua."

Biubwa aliinamisha uso kwenye sinia ya nazi. Mama yake aliweka kapu kivulini, akalinyunyizia maji kwanza, maana kazi ni kazi, kisha akachuchumaa mbele yake.

"Nimeonja udongo," alisema. "Na Shaibu alikuona."

"Sikutaka mti ufe, mama. Nilitaka maua yaanguke, basi. Nilitia mitungi miwili tu."

"Mitungi miwili ya bamvua. Ungeniambia."

"Ningekuambia nini? Ulirudi kutoka kwa Bibi umekwisha kunikatia shauri. Ulikuja unacheka. Ukaniambia, Biubwa, umepona. Hukuniuliza kama naumwa."

"Mama anayemwombea mwanawe asichukuliwe anauliza nini?"

"Sijui," alisema Biubwa. Sauti ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka. "Ila hukuuliza. Bibi hakuuliza, wewe hukuuliza. Sihaba peke yake ndiye aliyeniuliza. Ananishika mkono kila siku asubuhi hii fungate nzima, anasema anaogopa. Tumenyonya ziwa moja, mama. Ni ziwa lako. Nimwache aende?"

Mwanahalima alitaka kusema kwamba Sihaba ana baba, ana mume, ana dhahabu masikioni. Alitaka kusema kwamba ziwa lile hakulitoa kwa hiari. Aliletewa mtoto wa watu akaambiwa anyonyeshe, na wake akalala na njaa mpaka mwenzake ashibe. Lakini Biubwa hakuwa mjinga, aliyajua haya yote.

"Na hapa ningebaki kufanya nini?" Biubwa aliuliza. "Nazi hii hii?"

Kutoka ndani somo, mwanamke aliyekuwa akimfunda bibi arusi, aliita kwamba alasiri imepita, akauliza asumini iko wapi. Mwanahalima alisimama. Kapu lilikuwa miguuni pake, zito, limejaa, na sharti lilikuwa ni kitanda kufunikwa. Akilimwaga hilo kapu baharini, Biubwa anakwenda. Akiliingiza ndani, Biubwa anabaki. Mwanawe alikuwa anamtazama. Hakumwomba chochote, na hilo ndilo lililomshinda.

Aliinua kapu akaingia ndani.

Sihaba alikuwa kwenye kiti, miguu ina hina mpaka vifundoni, amevaa nguo nzito kupita umri wake. Alimpa Mwanahalima mkono uliokuwa baridi.

"Leo ya mwisho, mama," alisema.

"Ya mwisho, mwanangu."

Alimwaga asumini taratibu, kuanzia mchagoni. Hakurusha, alilaza, tumba kando ya tumba, akijaza kila mahali weupe wa shuka ulipochungulia. Biubwa alikuja akasimama mlangoni na taa, ingawa bado palikuwa na mwanga. Mwanahalima alikuwa na hofu moja ya kijinga, kwamba amekosea, kwamba matumba haya ni ya kesho na kitanda kizima kitabaki kimefumba macho mpaka asubuhi. Alikuwa amefika miguuni mwa kitanda wakati adhana ya magharibi ilipoadhiniwa, na harufu ikaanza. Ilianza kidogo, upande wa mchagoni. Kisha chumba chote.

Bi Thuwaiba aliingia akiwa ameshika tasbihi. Alizunguka kitanda, akainama, akainuka.

"Sioni shuka," alisema. "Walikuwa wameniambia mti wako unakufa, nami nikasema tutaona. Basi. Neno nililitoa mimi. Biubwa atabaki, Sihaba atachukua msichana mwingine, Mwanaheri."

Sihaba alishusha macho. Biubwa, mlangoni, alishusha taa.

"Mwulize mwenyewe, Bibi," alisema Mwanahalima.

"Nimwulize nani?"

"Biubwa."

Bi Thuwaiba alimtazama kama mtu aliyeombwa atembee kwa mikono. Katika maisha yake alikuwa amewatuma wasichana wa nyumba, amewapa nguo, amewapiga, amewauguza, hata amewalilia mmoja wawili walipokufa. Kuwauliza, hapana. Hakujua hata angeanzaje.

"Ulikuja hapa ukanisujudia kwa ajili yake," alisema, na hasira ilikuwa karibu. "Nimekupa. Sasa unanichezea?"

"Sikuchezei, Bibi. Mimi ndiye niliyekosa, sikumwuliza. Umenipa, nimepokea, Mungu akulipe. Sasa nimempa yeye."

Somo alijifanya anapanga chupa za marashi.

"Mwulize, mama," Sihaba alimwambia mama yake kutoka kwenye kiti.

Bi Thuwaiba alizungusha tasbihi, akaitazama dari, kisha akageuka mlangoni.

"Haya. Unataka nini wewe?"

Biubwa hakumtazama Bi Thuwaiba. Alimtazama mama yake, na macho yalikuwa yamejaa.

"Nitakwenda na Sihaba," alisema.

Mwanahalima alichukua kapu tupu. Chini yake kilibaki kijiti cha Kua, akakitoa, akakifunika na upindo wa kanga yake. Alitoka bila kuaga, akaenda nyumbani kwake huku harufu ya asumini ikimfuata kwenye nguo.

Kesho yake maji yalipojaa vyombo vilikuwa vimekwishapakiwa. Wanawake walisimama pwani wakipiga vigelegele, na Bi Thuwaiba alilia mbele za watu kwa mara ya kwanza. Mwanahalima alimvuta Biubwa pembeni, akampa kifuu cha nazi kilichojaa udongo mweusi. Ndani yake kijiti kilikuwa kimesimama, fundo moja chini, mawili juu.

"Usikiweke juani mpaka kitoe jani," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Makuti upande wa bahari."

"Ndiyo."

"Na visima vya Lindi sivijui. Usikiamini kisima mpaka ukionje."

Biubwa alikumbatia kifuu kwa mikono yote miwili, ikawa hana mkono wa kumshika mama yake. Basi akaweka paji la uso begani kwake, hivyo hivyo, mpaka walipoitwa.

Mwanahalima hakungoja kutazama jahazi likiondoka. Alirudi kibandani, akapogoa matawi yote yaliyoungua, akabakiza shina na visiki vitatu vya matawi, akauchimbua udongo wa juu akautupa nje ya ua. Halafu akaenda kisimani. Shaibu alikuwa amemwekea kata safi ukingoni na kuondoka zake. Alichota kidogo, akaonja. Bado.

Aliyamwaga pembeni, akaketi ukingoni, kata mapajani, akingoja maji yatoke.